Msine: Jina la Mti wa Kokwa na Historia ya Ujirani katika Uasin Gishu

Mji wa Eldoret ulijulikana kwanza kwa namba ya shamba, 64. Mwaka 1912 ukapewa jina lenye asili ya Kimaasai, lililovikwa kiishio -et cha Kinandi. Katika masalio ya misitu ya kienyeji ya nyanda hizi umo mti ambao jina lake nalo lina historia ya namna hiyo. Wanabotania huuita Croton megalocarpus, maneno ya Kigiriki: la kwanza lina maana ya kupe, kwa mfano wa mbegu, la pili, "wenye tunda kubwa".

Asiyeuzoea huuchanganya na nduguye, Croton macrostachyus, ambao Wanandi huuita tebeswet. Tebeswet una majani ya umbo la moyo, yanayogeuka rangi ya machungwa kabla ya kupukutika, na matunda madogo yaning'iniayo katika mashuke marefu. Mti wetu ni mrefu zaidi. Matawi yake hutanda kwa matabaka, na majani yana weupe wa fedha upande wa chini. Aangaliaye chini ya mti ataokota kokwa ngumu, yenye upana wa sentimita mbili hadi tatu, na ndani yake mbegu tatu. Mbegu hizo si chakula cha binadamu, lakini zina mafuta mengi, na katika karne hii zimeanza kukamuliwa kibiashara.

Wakikuyu huuita mukinduri, Wakamba muthulu, Waluhya musine, na Wanandi masineitet. Majina mawili ya mwisho yanastahili kuzingatiwa. Kiluhya ni lugha ya Kibantu na Kinandi ni ya Kinilo, lakini umbo sine limo katika yote mawili: huku limetanguliwa na kiambishi cha ngeli, kule limefuatwa na kiishio cha Kikalenjin. Nani alimwazima mwenzake si hoja kubwa. Lililo dhahiri ni kwamba watu wa lugha hizi mbili waliujua mti huu na wakazungumza juu yake.

Kiswahili kilikulia pwani, mbali na mti huu wa nyanda za juu. Hata hivyo hakikusita kuupokea mti wa Brazili ulioletwa na Wareno, na kutokana na neno lao caju kikapata kanju na mkanju. Vilevile, miti ya Australia iliyopandwa Uasin Gishu kwa mashamba makubwa katika karne ya 20 ina majina yanayofahamika na kila mtu: muwati na mkaratusi. Itakuwa ajabu mgeni awe na jina na mwenyeji akose.

Kwa hiyo twapendekeza neno msine, wingi misine, na kokwa zake ziitwe sine. Halihitaji kubuniwa, limekwisha kutumika msituni kwa vizazi vingi. Mwanafunzi atakayelikuta kamusini atajifunza mti, na pamoja nao ujirani uliotangulia mipaka ya mashamba.