Nani Mwenye Mzizi? Historia Fupi ya Chuma, Simu na Mafundi wa Karagwe na Kyerwa

Mwaka 2017 baba yangu mdogo, mkulima wa kahawa karibu na Nkwenda wilayani Kyerwa, alinipigia kwa simu ya jirani. Simu yake ilikuwa imegoma. Kila ilipowashwa ilionyesha nembo ya mtengenezaji, ikazima, ikarudi tena kwenye nembo ileile. Jambo hilo lisingenigusa sana kama ndani ya simu hiyo kusingekuwa na kazi niliyomwagiza mimi mwenyewe. Kwa miezi kadhaa alikuwa amemrekodi bibi mmoja wa ukoo wetu akisimulia kwa Kinyambo habari za Karagwe ya zamani: nani alitoka wapi, nani alioa kwa nani, ukoo gani ulikuwa na wajibu gani. Bibi huyo alikuwa amekwisha kufariki. Mimi, mwenye shahada ya uzamivu na mwalimu wa mbinu za utafiti, sikuwa nimechukua nakala hata moja.

Simu ilipelekwa kwa fundi. Fundi aliiunganisha na kompyuta, akaiflashi, nayo ikawaka ikiwa kama mpya. Jioni baba mdogo alinipigia tena kwa simu ya jirani. Aliniambia: "Mwanangu, simu imepona, lakini bibi yako hayumo."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza swali ambalo mwanzoni lilionekana la kiufundi, lakini kila nilipolichimba nililiona ni la historia: ni nani hasa mwenye mamlaka juu ya chombo? Hoja yangu katika makala haya ni kwamba kununua chombo hakutoshi kukufanya mtawala wake. Mtawala wa chombo ni yule anayejua kilivyotengenezwa na ambaye ufunguo wake uko mkononi mwake. Watu wa Karagwe waliwahi kulijua jambo hili vizuri kuliko tunavyolijua leo.

Nyundo ya mfalme

John Hanning Speke alifika Karagwe mwishoni mwa mwaka 1861 na kupokewa na Mfalme Rumanyika. Henry Morton Stanley alifika mwaka 1876, naye aliandika kuhusu nyumba ya hazina ya mfalme huyo, yenye silaha na sanamu za madini. Baba yake Rumanyika, Ndagara, anakumbukwa katika simulizi kama mfalme aliyejua uhunzi. Vyombo vya kifalme vya Karagwe vilijumuisha ng'ombe waliofuliwa kwa chuma, na nyundo ya mhunzi ilihesabiwa miongoni mwa alama za utawala.

Hayakuwa mapambo tu. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha utafiti wao kuhusu uyeyushaji wa chuma huko Buhaya, jirani zetu wa mashariki, wakionyesha kwamba teknolojia ya tanuri zenye joto kali ilikuwapo ukanda huu tangu zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Jembe lililolima shamba na mkuki uliolinda zizi vilitoka katika tanuri ambazo wenyeji walizijenga, wakazilisha mkaa na kuzirekebisha zilipokosea. Mtu wa kawaida hakuwa mhunzi, lakini alijua mhunzi ni nani na anakaa kilima gani. Ujuzi ulikuwa umbali wa kutembea kwa miguu.

Ukoloni uliukata umbali huo, ukaurefusha kuvuka bahari. Jembe la kiwandani lilikuja kwa meli, na jembe la mhunzi likapoteza soko. Kyerwa, iliyokuwa sehemu ya Karagwe hadi ilipopata hadhi ya wilaya mwaka 2012, ilichimbwa bati tangu zama za Waingereza. Bati ndiyo malighafi kuu ya lehemu inayoshikilia vipande vidogo juu ya saketi ya simu. Tumekuwa tukitoa kitu kinachoiunga simu, kisha tukiinunua simu iliyofungwa kwa kufuli tusilolijua.

Mtumiaji namba sifuri

Kufuli hilo lina historia yake. Mwaka 1969, katika maabara za Bell nchini Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo endeshi ulioitwa Unix. Kwa kuwa kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi, kila mtu alipewa mipaka yake. Mmoja tu hakuwekewa mipaka. Jina lake lilikuwa "root", yaani mzizi, na namba yake ilikuwa sifuri. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, alianzisha Linux kwa kufuata mantiki hiyohiyo. Android, ambayo Google iliinunua mwaka 2005 ikiwa kampuni changa, ilijengwa juu ya Linux.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Katika simu ya Android kila programu hupewa namba yake na mipaka yake. Mtumiaji namba sifuri yumo, lakini mnunuzi hapewi nafasi hiyo. Wewe uliyelipa fedha ni mgeni katika nyumba uliyoinunua.

Simu ya kwanza ya Android, HTC Dream, iliingia sokoni Marekani Oktoba 2008. Mwezi uliofuata iligundulika kasoro ya ajabu: kila kilichoandikwa kwa vitufe vya simu kilipelekwa pia, kwa siri, kama amri ya mtumiaji sifuri. Mtu aliyekuwa akichati aliandika neno la Kiingereza la kuzima na kuwasha upya, na simu yake ikazima na kuwaka upya! Google iliziba tundu hilo haraka, lakini watu walikuwa wamekwisha kupita. Mwaka 2009 Steve Kondik alianza kutoa CyanogenMod, mfumo mbadala ambao mtu angeweza kuuweka mwenyewe. Mwaka huohuo Google ilimwandikia barua kumtaka aache kusambaza programu zake za ndani, naye akaziondoa. Julai 2010 mamlaka za hakimiliki za Marekani zilikubali kwamba mtu kuondoa vizuizi kwenye simu yake ili atumie programu azitakazo si kosa. CyanogenMod ilikoma mwishoni mwa mwaka 2016, na LineageOS ikachukua nafasi yake.

Kilichofutwa na kisichopaswa kufutwa

Kwetu, mapambano haya yalifika kwa sura ya shida za kila siku. Simu za bei nafuu za muongo uliopita zilikuwa na nafasi finyu, na sehemu ya nafasi hiyo ilijazwa programu ambazo mwenye simu hakuziomba na hakuweza kuziondoa. Vijana waligundua kwamba kwa kompyuta, waya wa USB na programu kama Kingo Root, simu iliweza kurutiwa na takataka hizo kuondolewa. Kuruti ni kumrudishia mwenye simu cheo cha mtumiaji sifuri. Kuflashi ni jambo jingine: ni kuandika upya mfumo wenyewe ndani ya kumbukumbu ya simu. La kwanza ni kupewa ufunguo wa nyumba, na la pili ni kuijenga upya.

Miezi kadhaa baada ya msiba wetu mdogo nilikwenda kwa fundi mwingine, pale Omurushaka. Nilitaka kuelewa tu, maana cha kuokoa hakikuwapo tena.

"Shikamoo, Mwalimu," alinisalimu, akanivutia kigoda karibu na kompyuta yake mpakato. Alikuwa akitumia mpakato kwa sababu ina betri. Mkoa wa Kagera wakati huo ulikuwa umetegemea kwa miaka mingi umeme ulionunuliwa Uganda, na umeme ukikatika katikati ya kazi, simu inaweza kufa kabisa.

Alinionyesha programu inayotumika kwa simu zenye chipu za MediaTek, ambazo ndizo nyingi kwetu. Ndani yake kulikuwa na orodha ya vyumba vya kumbukumbu ya simu: chumba cha kuwashia, chumba cha mfumo, chumba cha mambo ya mwenye simu. Mbele ya kila chumba palikuwa na kiboksi cha kuweka alama ya vema. Juu yake palikuwa na uchaguzi wa namna kadhaa, zikiwemo hizi: kuandika tu vyumba vilivyochaguliwa, au kufuta vyote kisha kuandika.

"Mwalimu, kwa simu kama ile," alisema, "ningeondoa vema kwenye chumba hiki kimoja, nikaandika mfumo peke yake. Mambo yake yangebaki. Aliyeifuta alitaka kumaliza haraka."

Nilikitazama kiboksi kile kwa muda mrefu. Masimulizi ya vizazi kadhaa yalikuwa yamepotea kwa alama moja ya vema.

Nilimuuliza kama kila simu ingewezekana kuokolewa hivyo. Akasema hapana. Simu nyingi mpya hufunga data kwa msimbo, na zile zinazoruhusu kufunguliwa kufuli la kuwashia hufuta kila kitu zenyewe kabla ya kufunguka. Limewekwa hivyo kwa makusudi, ili mwizi asifungue simu na kusoma yaliyomo. Kwa hiyo kanuni yake ilikuwa moja: kabla ya kugusa lolote, muulize mteja ana nini ndani. Fundi wa kwanza hakumuuliza baba mdogo. Na mimi, kabla ya fundi yeyote, sikujiuliza.

Namba iliyopotea

Kulikuwa na hasara ya pili. Kule kufuta vyote kulifuta pia chumba kinachohifadhi IMEI, namba inayoitambulisha simu kwenye mtandao. Simu iliwaka, lakini haikushika laini. Fundi yule wa kwanza alipendekeza kuiwekea namba ya simu nyingine iliyokufa.

Hapa ndipo ujuzi unapogeuka kuwa hatari. Usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ilizima simu bandia nchini kwa kutumia namba hizohizo, na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 inafanya kubadilisha IMEI kuwa kosa la jinai. Baba mdogo alikataa. Alisema hawezi kutembea na jina la marehemu asiyemjua. Ile simu ipo mpaka leo, inatumika kama redio.

Lakini tusiishie kuwanyooshea mafundi kidole. Agosti 2020 ilitangazwa kwamba simu za aina ya Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, zikiwemo Ethiopia, Kameruni na Ghana, zilikutwa na programu haribifu zilizopachikwa kabla simu hazijamfikia mnunuzi, zikimuunganisha na huduma za kulipia bila ridhaa yake. Kampuni mama, Transsion, ilimlaumu mgavi mmoja ambaye haikumtaja. Programu ya namna hiyo ilijulikana kwa kubaki hata baada ya mwenye simu kuirudisha kwenye hali ya kiwandani. Mwenye simu asiye na mzizi hana namna ya kumtoa mgeni huyo, na kimbilio lake hugeuka kuwa yuleyule fundi wa Omurushaka na waya wake wa USB.

Hitimisho

Sisemi kila mtu aruti simu yake. Simu iliyorutiwa vibaya ni nyumba isiyo na mlango, na baadhi ya programu za benki hukataa kufanya kazi ndani yake. Ninasema kwamba Kayanga, Omurushaka, Nkwenda na Rubwera kuna wahunzi wapya, na jamii yetu inawatendea kama wababaishaji au wahalifu watarajiwa. Wengi wao walijifunza peke yao, kwa kuharibu na kutengeneza, bila mtu wa kuwafundisha mpaka wa sheria na wajibu kwa mteja. VETA inafundisha umeme na ufundi magari. Ifundishe na hili kwa uzito uleule, pamoja na maadili yake, na halmashauri zetu mbili ziwatambue mafundi hawa kabla hazijawatoza ushuru.

Kwa wanahistoria wenzangu nina neno moja zaidi. Nyaraka za Karagwe ya leo hazipo tena kwenye makabati peke yake. Zimo ndani ya simu za wazee wetu, zikisubiri nembo igome. Chukua nakala leo. Mimi nilikuwa na miezi mingi ya kufanya hivyo, na sasa ninapoandika habari za ukoo wangu kuna ukurasa ninaoujua kwa kusimuliwa na baba mdogo tu, kwa kadiri anavyokumbuka sauti ya bibi.