Kiambishi -lojia Mbele ya Mitaa ya Eastlands

Makala haya yanachunguza hatima ya kiambishi tamati -lojia katika Kiswahili. Sehemu ya ushahidi wake inatoka mahali ambapo wanaistilahi hawana mazoea ya kupatazama: mitaa ya Eastlands, Nairobi.

Kiasili, -logia ya Kiyunani ina uhusiano na logos, yaani neno, kauli au hoja. Katika lugha za Ulaya ikawa alama ya taaluma. Kiswahili kiliipokea ikiwa imekwisha kugandamana na mashina yake: biolojia, saikolojia, fonolojia. TUKI ilipotoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka 1990, jina la kamusi lenyewe lilikuwa limekwisha kukata shauri. Lakini je, msemaji wa Kiswahili hukiona kiambishi hicho? Tunadhani hakioni. Mwingereza akitaka kumtaja mtaalamu wa biolojia hubadilisha mwisho wa neno. Sisi huongeza mwanzo: mwanabiolojia, kama mwanaisimu. Na tunapounda jina la taaluma kwa nyenzo zetu, twaanzia mbele vilevile: elimunafsi, elimujamii, isimujamii. Kulibandika shina la Kibantu -lojia ni mzaha tu.

Sheng, ambayo wachunguzi wengi huihusisha na Eastlands ya miaka ya 1970, pale familia za makabila mbalimbali zilipobanana katika vyumba vichache, ina tabia ya kufupisha maneno. Buruburu huwa Buru, Jericho huwa Jeri. Mwanafunzi wa sekondari, aliyefundishwa sayansi kwa Kiingereza, hurudi mtaani na bayo. Kilichotupwa ndicho hasa tunachoambiwa kinabeba maana ya taaluma, na hakuna aliyekikosa. Mtu atasema Waingereza nao hukata hivyo, na huenda bayo ilitoka kwao tayari imekatwa. Ni kweli. Hata hivyo, somo la Kiswahili, lililofanywa la lazima katika mfumo wa 8-4-4 ulioanza mwaka 1985, huitwa Kiswa: ki- imebaki, mwisho umekwenda. (Wako wasemao Swa, na hao wametuharibia hoja kidogo.)

Suala hili si la majina matupu. Abdulaziz na Osinde, katika makala yao ya 1997, walitenganisha Sheng ya Eastlands na Engsh ya mitaa ya wenye nacho. Tofauti ya msamiati ilikuwa pia tofauti ya tabaka. Kijana wa Kaloleni akisikia elimunafsi aweza kukisia maana, kwani elimu anaijua na nafsi anaijua. Saikolojia itampasa aikariri, isipokuwa Kiingereza kimekwisha kumfungulia njia. Basi anayechagua istilahi huwa amechagua na wasomaji.

Lipo pingamizi moja zito. Elimusauti haiwezi kutenganisha fonetiki na fonolojia, na mwanafunzi wa isimu hawezi kuishi bila tofauti hiyo. Kwa jozi hii tungeuacha mkopo ubaki. Kwa saikolojia na sosholojia hatuoni udhuru.