Waliobeba Safari ya Batian

Adhuhuri ya tarehe 13 Septemba 1899, watu watatu walisimama juu ya Batian, ncha ya Mlima Kenya yenye mita 5,199: Halford Mackinder, mwalimu wa jiografia kutoka Oxford, na waongozaji wawili wa milima ya Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel. Simulizi nyingi huishia hapo.

Lakini msafara uliotoka Nairobi mwishoni mwa Julai ulikuwa na Wazungu sita, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili waliojua njia. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika Nairobi miezi miwili tu kabla. Kuanzia hapo, kila hema na kila kamba ilikwenda kichwani au mgongoni mwa mtu.

Tena walipita nchi ya Wakikuyu katika mwaka mbaya kuliko yote waliyoikumbuka wazee. Njaa na ndui vilikuwa vikimaliza vijiji. Kumtaka mtu chakula wakati ule kulikuwa kumnyang'anya mwanawe tonge. Baadhi ya wapagazi waliiba, wenyeji wakaukasirikia msafara, na watu wake wawili wakauawa. Chini ya mlima akiba ikaisha. Ikabidi Saunders, mtaalamu wa mimea, atumwe hadi Naivasha kuomba msaada kwa afisa wa serikali.

Jaribio la tarehe 30 Agosti lilishindikana: giza liliwakuta karibu na ncha jirani ya Nelion, wakarudi. Saunders aliporejea na msaada ndipo Mackinder na wenzake wawili walipopanda tena. Walilala mwambani, na kulipokucha wakaanza kuchonga ngazi kwenye barafu ngumu ambayo hadi leo inaitwa Almasi. Kwangu mimi, Batian ilishindwa kwa chakula kwanza, kisha kwa shoka la barafu.

Ilipita karibu miaka 30 kabla wapandaji Eric Shipton na Percy Wyn-Harris kufika huko, Januari 1929. Desemba 1963, Kisoi Munyao alisimamisha bendera ya Kenya huru juu ya Lenana, ncha nyingine ya mlima huo, na jina lake tunalo.

Wapagazi wa 1899 na Wamaasai wale wawili hatuwataji. Hausburg, mpiga picha wa msafara ambaye hakufika Batian, ana bonde lenye jina lake. Wao wanastahili ubao pale lango la Naro Moru, ambako wapagazi wa leo hufunga mizigo yao: Waswahili 66, Wakikuyu 96, Wamaasai wawili.