Leseni ya udereva kwa vijana wa Kanama: safari ya vibali viwili

Barabara kuu itokayo Musanze kuelekea Gisenyi hupita Mahoko, senta ya biashara ya Tarafa ya Kanama, wilayani Rubavu. Malori ya viazi na mabasi ya Kigali hupita hapo kutwa, na motari wakisubiri abiria kando. Kwa kijana anayemaliza sekondari mahali kama hapa, leseni ya udereva ni tumaini la ajira, na pengine ndiyo ajira iliyo karibu naye kuliko zote. Hata hivyo, wapo wanaoipoteza fursa hiyo kwa kudhani kwamba karatasi ya kwanza ndiyo leseni yenyewe.

Karatasi hizo ni mbili. Ya kwanza ni kibali cha muda, kwa Kinyarwanda *uruhushya rw'agateganyo*, ambacho mitaani huitwa provizwari. Ya pili ni leseni ya kudumu, *uruhushya rwa burundu*. Kibali cha muda ni ruhusa ya kujifunza tu. Mwenye nacho haruhusiwi kuendesha akiwa peke yake: ni lazima asindikizwe na mtu mwenye leseni ya kudumu ya daraja la chombo kile kile. Kijana anayepakia abiria wa kulipa kwenye pikipiki akiwa na kibali hicho mfukoni amevunja sheria, hata kama anaendesha kwa ustadi kuliko motari wa miaka 10.

Umri wa kuendesha gari dogo ni kuanzia miaka 18. Hapa mkanganyiko hutokea, kwa kuwa kitambulisho cha taifa hutolewa kijana akitimiza miaka 16, na baadhi ya wazazi hudhani kuwa kitambulisho hicho hufungua milango yote kwa pamoja. Sivyo. Miaka miwili iliyo katikati inafaa itumike kusoma.

Maombi hufanyika kupitia Irembo, mfumo wa serikali wa huduma za mtandaoni. Asiye na intaneti anaweza kutumia simu ya kawaida kwa kupiga *909#, au kumwendea wakala wa Irembo. Mwombaji hutoa namba ya kitambulisho, huchagua kituo na tarehe, kisha hupewa namba ya malipo pamoja na kiasi anachotakiwa kulipa. Malipo hukamilishwa kwa simu au benki. Mtu yeyote anayedai pesa mkononi ili "kuharakisha" nafasi hana sehemu katika utaratibu huo.

Mtihani wa kwanza ni wa nadharia. Polisi ya Taifa ya Rwanda ndiyo inayousimamia. Maswali ni 20, na mtahiniwa hufaulu akipata angalau 12. Hesabu hiyo yaonekana nyepesi. Ugumu, hasa kwa wasomaji wetu waliolelewa katika Kiswahili, uko kwenye lugha. Kanuni za barabarani zimo katika Amri ya Rais namba 85/01 ya tarehe 2 Septemba 2002, na kwa sababu ilitoka katika Gazeti Rasmi la serikali, wanafunzi huita kitabu chake *igazeti*. Amri hiyo ilichapishwa kwa Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa, takriban miaka 15 kabla ya Kiswahili kufanywa lugha rasmi nchini, mwaka 2017.

Sisi tunaoishi kwa kutafsiri tunajua jinsi neno moja linavyoweza kumwangusha mtu. Chukua *kubisikana* na *kunyuranaho*. La kwanza ni kupishana na chombo kinachokuja mbele yako. La pili ni kukipita chombo kinachokwenda upande uendao wewe. Katika Kiswahili cha mazungumzo, yote mawili huweza kuitwa "kupita", lakini kanuni zake hazifanani hata kidogo. Vivyo hivyo *umurongo udacagaguye* ni mstari usiokatika, ambao hauvukwi, na *ucagaguye* ni ule uliokatikakatika. *Isangano* ni makutano ya barabara; pasipo alama wala askari, anayetoka kuliani hutangulia. Mkaazi aliyerejea kutoka Tanzania au Uganda, ambako magari hupita kushoto, na ajikumbushe kila siku kwamba Rwanda hupita kulia.

Aliyefaulu hupewa kibali cha muda chenye uhai wa miaka 2, na katika muda huo hutakiwa kufaulu mtihani wa vitendo. Ni vyema kuomba nafasi mapema, kwani watahiniwa ni wengi na tarehe hujaa. Mtihani huo hupima namna mtu anavyokimudu chombo, ikiwa ni pamoja na kuegesha na kuondoka mlimani bila gari kurudi nyuma, jambo liitwalo demaraji. Vijana wa Kanama, ambao kwao ardhi tambarare ni adimu, hawana kisingizio hapo. Milima yao ni shule tosha.

Mwaka 2024 ulileta mabadiliko mawili. Kituo cha Busanza, wilayani Kicukiro jijini Kigali, kilianza kutahini kwa mitambo: vihisi na kamera ndizo zinazohesabu makosa. Pia iliruhusiwa kufanya mtihani kwa gari la gia otomatiki. Uchaguzi huo una gharama yake, maana aliyefaulu kwa otomatiki haruhusiwi kuendesha gari la gia za mkono. Kwa anayetarajia kazi kwenye malori ya viazi, mengi yakiwa ya gia za mkono, njia hiyo rahisi huenda ikamfungia riziki.

Limebaki suala la karatasi za kununuliwa, ambazo katika wilaya ya mpakani kama Rubavu hazikosi wachuuzi. Kwa mujibu wa kifungu cha 276 cha sheria namba 68/2018, kughushi hati ni kosa la kifungo cha miaka 5 hadi 7 na faini ya faranga milioni 3 hadi milioni 5, au mojawapo ya adhabu hizo. Anayeitumia hati hiyo huku akijua kuwa ni bandia hupata adhabu sawa na aliyeitengeneza.