Kuhudumia Mlima au Kuuhama? Hoja Kuhusu Makazi ya Milimani Jijini Mwanza

Katika mijadala ya mipango miji nchini Tanzania kuna dai lililorudiwa mpaka likazoeleka: kwamba makazi yaliyopanda milima ya Mwanza hayahudumiki, na kwa hiyo dawa ni kuwashusha wakazi na kuwapa viwanja vilivyopimwa pembezoni mwa jiji. Dai hilo halikosi mashiko ya kisheria. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 kinaruhusu kutangazwa kuwa ardhi hatarishi miteremko inayozidi kiwango cha mwinamo ambacho Waziri atakiweka baada ya kupata ushauri wa kisayansi. Hata hivyo, makala haya yanalipinga. Nahoji kwamba sehemu kubwa ya hasara za kuishi mlimani imeletwa na huduma zisizofikishwa, na kwamba mteremko unaolaumiwa ndio unaorahisisha mojawapo ya huduma zilizo ngumu zaidi mijini, yaani kuondoa majitaka.

Kuhusu faida hakuna ubishi mkubwa. Mitaa ya milimani ya Igogo, Mabatini na Isamilo iko mwendo wa miguu kutoka katikati ya jiji. Mama wa Kitangiri anayechukua samaki Mwaloni, Kirumba, hushuka alfajiri bila kulipa nauli. Akihamishiwa Buswelu, daladala itamla faida kabla hajatandaza biashara. Nyumba iliyokaa juu ya mwamba haitikisiki msingi, na Mto Mirongo unapofurika wanaohamisha magodoro ni wa bondeni.

Ubishi unaanzia kwenye hasara. John Turner, msanifu majengo wa Uingereza aliyefanya kazi katika makazi ya wanyonge nchini Peru, alishikilia katika kitabu chake cha mwaka 1976 kwamba thamani ya nyumba ipimwe kwa inachomfanyia mkaaji wake, wala si kwa ubora wa jengo. Nakubaliana naye hapo. Lakini wafuasi wake walivuka mpaka: waligeuza juhudi za wakazi kuwa kisingizio cha serikali kukaa pembeni. Mkazi anaweza kujijengea nyumba na hata kupasua mawe ya ngazi. Bomba la maji hawezi kujivutia peke yake. Kila mita 10 za mwinuko hula takribani baa 1 ya presha, hivyo kufikisha maji kwenye nyumba iliyo mita 100 juu ya Ziwa Victoria kunadai takribani baa 10 kabla ya kuhesabu msuguano wa mabomba. Pasipo pampu, anayelipa gharama hiyo ni mwanamke au binti mwenye ndoo kichwani, au kipato kinachoishia kwa muuza maji. Mgonjwa hubebwa mgongoni mpaka barabarani. Gari la zimamoto linaishia chini.

Choo ndicho kipimo halisi cha hoja hii. Juu ya mwamba shimo haliendi chini. Linajaa upesi, na gari la kunyonya majitaka halifiki. Wakazi wamezoea kusubiri mvua kubwa na kutapisha vyoo. Uchafu hushuka na maji ya mvua kupitia milango ya majirani hadi Mirongo, kisha ziwani, kwenye ziwa lile lile ambamo jiji zima linavuta maji ya kunywa. Mtetezi wa kuhamisha watu huona hapa ushahidi wake wa mwisho. Mimi naona ushahidi unaompinga. Kinachoteremsha kinyesi hicho ni mvutano wa ardhi, na nguvu hiyo hailipishwi umeme. Ndiyo kanuni ya mitandao rahisi ya majitaka, iliyoanza kujaribiwa Brazil mwanzoni mwa miaka ya 1980: mabomba membamba hulazwa kina kifupi au juu ya mwamba, yanapita vichochoroni, yanaunganisha nyumba kwa nyumba, kisha yanamwaga kwenye bomba kuu chini. Mamlaka ya Majisafi na Usafi wa Mazingira Mwanza imelaza mitandao ya aina hiyo katika baadhi ya mitaa ya milimani. Mahali tambarare kazi hiyo ingedai mitaro mirefu ya kina na pampu. Mlimani, msongamano wa nyumba unafupisha mabomba na mteremko unayasukuma maji.

Patakuwa na anayesema mtandao huo hauna maana bila maji ya kusukuma uchafu, na maji yanahitaji pampu ghali. Ni kweli, mambo hayo mawili yaende pamoja. Lakini Hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama juu ya kilima miaka yote hiyo, ikipokea maji, umeme na magari. Hospitali ina bajeti ambayo kaya haina, sawa. Ila tangi moja lililojazwa kileleni hugawa maji kwa mserereko kwa kaya zote zilizo chini yake, na gharama ya pampu ikigawanywa kwa kaya hizo haiwi tena hoja ya kumhamisha mtu.

Hasara moja sikubali kuipunguza. Jiwe lililopoteza kishikizo chake halizuiwi na bomba wala ngazi, na kuchimba kokoto chini ya majabali kunaongeza hatari kila mwaka. Kaya zilizo kwenye njia ya mawe ya namna hiyo zihamishwe, zilipwe fidia kamili, na zipewe viwanja karibu na riziki yao. Uamuzi huo hauwezi kufanywa kwa kutazama mlima mzima kutoka barabarani. Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela zipeleke wanajiolojia wakague jabali baada ya jabali, matokeo yabandikwe ofisi za mitaa, na hadi hapo isiwekwe alama ya bomoabomoa kwenye ukuta wa mtu kwa sababu tu amejenga juu.