Florida 1998: Kiti ambacho wapiga kura walikijaza na kukifuta siku moja

Tarehe 3 Novemba 1998 wapiga kura wa jimbo la Florida, kusini mashariki mwa Marekani, walikwenda vituoni kumchagua gavana. Jeb Bush, mwana wa rais wa zamani, alishinda, na habari hiyo ndiyo iliyojaza kurasa za mbele za magazeti. Chini zaidi kwenye karatasi ya kura kulikuwa na cheo ambacho wengi hukipita wakiwa wamekwisha kuchoka: Katibu wa Jimbo. Mshindi alikuwa Katherine Harris wa chama cha Republican, seneta wa jimbo kutoka Sarasota na mjukuu wa Ben Hill Griffin, tajiri wa mashamba ya michungwa na ng'ombe. Alimshinda wakili Karen Gievers wa chama cha Democratic. Nje ya Florida ni watu wachache mno waliolisikia jina lake usiku ule.

Jina la cheo chenyewe huwachanganya wageni. Katibu wa Jimbo hana uhusiano wowote na Waziri wa Mambo ya Nje aliyeko Washington, ijapokuwa kwa Kiingereza wawili hao huitwa kwa jina moja. Kazi yake ni ya ofisini zaidi: kusajili makampuni, kutunza nyaraka na muhuri wa jimbo, na katika Florida ya wakati ule hata kusimamia maktaba, makumbusho na shughuli za utamaduni. Harris alipenda sana upande wa biashara na nchi za nje, na alisafiri mara nyingi. Lakini katika orodha hiyo ya majukumu kulikuwa na moja lisilofanana na mengine. Katibu wa Jimbo ndiye aliyekuwa msimamizi mkuu wa uchaguzi.

Kwa msikilizaji aliyezoea tume za uchaguzi za Afrika Mashariki, ambako ugomvi wa kila mara ni nani anawateua makamishna, mpango huu ni wa ajabu kidogo. Hadi leo majimbo 35 ya Marekani humchagua Katibu wa Jimbo kwa kura, naye hugombea kwa tiketi ya chama chake waziwazi. Hoja ya wanaoutetea utaratibu huo ni kwamba mtu aliyepewa kazi na wananchi hawezi kufukuzwa na gavana. Hoja hiyo si dhaifu. Tatizo ni kwamba mwamuzi wa mchezo naye huvaa jezi ya mojawapo ya timu.

Kinyang'anyiro kikali cha mwaka 1998 kilikuwa ndani ya chama cha Republican chenyewe. Katibu aliyekuwa madarakani, Sandra Mortham, alikuwa ameteuliwa na Jeb Bush kuwa mgombea mwenza, kisha akajiondoa na kurudi kukitetea kiti chake. Akamkuta Harris amekwisha kuingia ulingoni, na katika kura za mchujo za Septemba akaangushwa.

Siku ile ile ya tarehe 3 Novemba, kwenye karatasi ile ile, wapiga kura waliulizwa pia kama wanakubali kubadilisha katiba ya jimbo. Pendekezo lilitoka katika tume ya marekebisho ya katiba, ambayo Florida huiunda kila baada ya miaka 20. Lilitaka baraza la mawaziri la jimbo, lililokuwa na watu sita wanaochaguliwa mbali na gavana, libaki na watatu tu. Katibu wa Jimbo hakuwa miongoni mwa watakaobaki; kuanzia Januari 2003 angeteuliwa na gavana. Wananchi wakakubali. Kwa hiyo walimpa Harris kazi na papo hapo wakakifuta kiti chake kama kiti cha kuchaguliwa. Muhula wake mmoja ungekuwa wa mwisho wa aina yake, na ndani ya muhula huo ukaangukia uchaguzi wa rais wa mwaka 2000.

Matokeo ya tarehe 7 Novemba mwaka huo yanajulikana kote. Kura 25 za wajumbe wa Florida ndizo zilizokuwa za kuamua nani ataingia Ikulu ya Washington, George W. Bush au Makamu wa Rais Al Gore. Katika kura zinazokaribia milioni 6, Bush aliongoza kwanza kwa 1,784, na mashine ziliporudia kuhesabu, tofauti ikashuka hadi mia chache. Harris alikuwa mwenyekiti mwenza wa kampeni ya Bush katika jimbo hilo. Gavana Jeb Bush, nduguye mgombea, alijitoa katika jopo la kuidhinisha matokeo. Harris hakujitoa. Yafaa kuongeza kwamba Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Bob Butterworth, naye wa kuchaguliwa, alikuwa ameongoza kampeni ya Gore huko huko. Kila upande ulikuwa na mtu wake ndani ya serikali.

Ugomvi ulijikita katika neno moja. Sheria ya Florida iliwapa maafisa wa wilaya siku saba kupeleka matokeo yao, yaani hadi saa kumi na moja jioni ya tarehe 14 Novemba. Kifungu kimoja kilisema matokeo yatakayochelewa ni lazima yasihesabiwe; kifungu kilichofuata kilisema yanaweza kuachwa. Wilaya zilizokuwa zikihesabu upya kwa mikono, zikichunguza vijipande vya karatasi vilivyoning'inia kwenye kadi zilizotobolewa vibaya, zisingeweza kumaliza kwa siku saba. Harris aliambiwa na jaji kwamba anayo hiari, lakini aitumie kwa busara. Aliziagiza wilaya zieleze sababu zao kwa maandishi, na siku ya pili akazikataa zote.

Mahakama Kuu ya Florida ikaongeza muda hadi jioni ya tarehe 26 Novemba. Palm Beach, ambayo maafisa wake walikuwa wamepumzika siku ya sikukuu ya kutoa shukrani, iliomba saa chache zaidi. Ilikataliwa, na ikamaliza yapata saa mbili baada ya muda. Usiku huo Harris alitia saini hati: Bush mshindi, kwa kura 537. Tarehe 12 Desemba Mahakama Kuu ya Marekani ilisimamisha kabisa kuhesabu upya, kwa majaji watano dhidi ya wanne, na kesho yake Gore akakubali kushindwa.

Je, aliiba uchaguzi? Wengi wamesema hivyo, lakini ushahidi haufiki huko. Karatasi maarufu ya Palm Beach, iliyowafanya wazee wengi wampigie Pat Buchanan badala ya Gore, ilibuniwa na afisa wa wilaya aliyekuwa wa chama cha Democratic. Kila uamuzi wa Harris ulikuwa na kifungu cha sheria cha kuegemea. Ila palipokuwa na vifungu viwili, daima alichagua kile kilichomfaa mgombea wake. Hali ya Wamarekani weusi ilikuwa jambo zito zaidi. Tume ya haki za kiraia ya Marekani iliripoti mwaka 2001 kwamba kura zao zilikuwa karibu mara kumi zaidi katika hatari ya kukataliwa kuliko za wengine.

Harris alichaguliwa kuingia Bungeni Washington mwaka 2002, akashindwa kuwania Useneti mwaka 2006. Majimbo mengine hayakufuata mfano wa Florida. Huko Georgia, duru ya pili ya kumchagua Katibu wa Jimbo, tarehe 4 Desemba 2018, ilivutia wapiga kura wasiofika milioni moja na nusu, ilhali mwezi mmoja kabla walikuwa karibu milioni 3.9. Wachache hao walimchagua Brad Raffensperger, wa Republican. Tarehe 2 Januari 2021 Rais Donald Trump, aliyeshindwa Georgia kwa kura 11,779, alimpigia simu akimtaka amtafutie kura 11,780. Raffensperger, ambaye mwenyewe alimpigia kura Trump, alikataa. Miezi michache baadaye bunge la jimbo lilimwondolea uenyekiti wa bodi ya uchaguzi. Mwezi Mei 2022 alimkabili mgombea aliyeungwa mkono na Trump katika kura za mchujo, akamshinda bila kuhitaji duru ya pili.