Mizani Moja: Somo Kutoka Nchi ya Pamba

Mkoa wa Simiyu, ambao makao yake makuu ni Bariadi, ulianzishwa mwaka 2012 kutokana na sehemu za mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Jina la mkoa ni jipya, lakini watu wake na kilimo chao cha pamba wana historia ndefu. Katika historia hiyo limo somo ambalo vijana wetu wanalihitaji leo, ingawa wengi wao hawapeleki tena pamba gulioni. Somo lenyewe lahusu mizani.

Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, Bariadi ikiwa bado sehemu ya wilaya ya Maswa, mkulima aliyevuna pamba yake alikuwa na mahali pachache mno pa kuiuza. Alifika kituoni, akautua mzigo wake, naye mnunuzi ndiye aliyeupima, ndiye aliyeusoma uzito, na ndiye aliyelipa. Malalamiko ya kupunjwa yalienea Usukuma kote. Ndipo wakulima walipowaajiri watu wao wenyewe, wenye kujua kusoma mizani, wakasimama vituoni kuhakiki uzito. Kutokana na juhudi hizo vilizaliwa vyama vya ushirika, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo Paul Bomani alikuwa kiongozi wake mashuhuri. Miaka ya 1950 ilipokwisha, karibu pamba yote ya Kanda ya Ziwa ilipitia mikononi mwa ushirika.

Huo ulikuwa ushindi mkubwa wa wananchi. Hata hivyo, hapana budi tuyatazame yaliyofuata bila upendeleo. Mizani iliyopiganiwa na mkulima ikawa sasa mizani ya pekee. Mwaka 1966 Kamati Maalumu ya Rais ilichunguza vyama vya ushirika nchini, ikakuta wafanyakazi wengi kupita kiasi, viongozi wengine wasio waaminifu, na wanachama wasioelezwa mambo yao. Mwaka 1968 shirikisho hilo lilifanywa kuwa Chama cha Ushirika cha Nyanza. Mwaka 1976 vyama vikuu vyote vilivunjwa, na vijiji vikaiuzia pamba Mamlaka ya Pamba. Sheria ya mwaka 1982 ilirudisha ushirika, na mwaka 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa. Kwa miongo mingi, basi, jina la mnunuzi lilibadilika, lakini mlango wa kuuzia ulibaki mmoja. Hatusemi kwamba ushirika ulikuwa kosa. Twasema kwamba hata chombo chema, kikikosa wa kukihakiki, hulegea.

Sasa na tumtazame mwanafunzi wa sekondari pale Bariadi. Akipewa swali la historia, huchukua simu na kuuliza Google. Mtambo huo wa kutafutia habari katika intaneti ulianzishwa Marekani mwaka 1998, wakati mitambo mingine kama AltaVista na Yahoo ilikwisha kujulikana. Uliipita kwa sababu ulitafuta vizuri zaidi, kama ushirika ulivyopendwa kwa kupima haki. Lakini baadaye ubora haukuwa ngao yake pekee. Mwaka 2021 kampuni hiyo ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili mtambo wake uwe ndio unaotangulia katika simu na programu za makampuni mengine. Mwezi Agosti 2024 mahakama moja ya Marekani ilitamka kwamba kampuni hiyo ilivunja sheria katika kuulinda ukiritimba wake.

Hatari yake kwetu ni ipi? Mtambo wa namna hii huzipanga kurasa, na miongoni mwa vipimo vyake ni idadi ya kurasa nyingine zinazozielekea. Yaliyoandikwa sana hutangulia, na yaliyoandikwa kidogo hufuata nyuma. Matangazo yaliyolipiwa huweza kukaa juu ya yote. Mwanafunzi akiuliza habari za utemi wa Ntuzu, au mashindano ya ngoma ya Bagalu na Bagika, akapata machache, huenda akadhani kwamba hakuna zaidi ya hayo. Kumbe historia ipo, ila haikupita kwenye mizani hiyo. Mkulima aliyepunjwa aliuona mzigo wake kabla ya kupimwa, akaweza kushuku. Msomaji hauoni mzigo wake. Huona tu kile alichopewa, naye hawezi kujua kilichoachwa.

Kwa hiyo hatuwahimizi vijana waiache Google, kwani wakulima nao hawakuacha kuuza pamba. Twawahimiza watafute mizani ya pili. Swali moja liulizwe katika mitambo miwili, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kitabu kilichomo maktabani kifunguliwe. Makumbusho ya Wasukuma yaliyoko Bujora, karibu na Mwanza, yatembelewe inapowezekana. Zaidi ya yote, wazee waulizwe, na majibu yao yaandikwe na kuhifadhiwa shuleni, pamoja na jina la kijiji na tarehe. Mwalimu anayeongoza kazi hiyo huongeza katika ghala la taifa kitu ambacho hakuna mtambo ungeweza kukipata, kwa kuwa hakikuwa kimeandikwa.

Wakulima wa Usukuma hawakungoja mizani ijirekebishe yenyewe. Walisimama kando yake, wakasoma. Nasi tujifunze kusoma hivyo.